Gunia la wastani lina kilo ngapi?

"Mama, viazi vinakwendaje leo?"

"Sado elfu tatu, mwanangu."

Maneno haya husikika kila asubuhi Mwanjelwa, Uyole na kwenye soko lolote la Nyanda za Juu Kusini, na ndani yake mna takwimu iliyokamilika. Mama hakujumlisha bei za wenzake akazigawanya. Hakuzipanga kuanzia ya chini hadi ya juu ili aichomoe ya katikati. Ametaja bei ambayo meza nyingi zinauzia. Kwenye hisabati namba hiyo huitwa modi.

Sasa tuseme mtu akapita kwenye meza tisa na daftari, akaandika bei ya sado moja, yaani kopo moja la kupimia: 3,000 kwenye meza tano, 3,500 kwenye meza mbili, 4,000 kwenye meza moja, na 5,500 kwenye meza ya mwisho, ambako viazi vimechaguliwa vikubwa vitupu kwa ajili ya watu wa chipsi. Akijumlisha anapata 31,500. Akigawanya kwa tisa anapata 3,500, na huo ndio wastani. Akizipanga bei hizo kwa mstari, ya tano ni 3,000, nayo ndiyo mediani, yaani namba inayokaa katikati. Modi pia ni 3,000. Mgeni aliyeambiwa kabla ya kushuka kwenye daladala kwamba bei ya wastani ni 3,500 atalipa 3,500 bila kuuliza, na atakuwa amelipa zaidi ya kile ambacho meza tano kati ya tisa zinataka. Hakuna aliyemdanganya. Amepewa jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza.

Wanafunzi hufundishwa namba hizi tatu kwa pamoja, ukurasa mmoja, zoezi moja, na wengi hutoka wakidhani ni majina matatu ya kitu kimoja. Sivyo. Wastani hujibu swali hili: kama vyote vingemwagwa chungu kimoja na kugawiwa sawasawa, kila mmoja angepata kiasi gani? Mediani huuliza: watu wakipangwa kwa mstari kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye kingi, aliyesimama katikati ana kiasi gani? Modi huuliza: ni kipi kinachojitokeza mara nyingi kuliko vingine? Kabla ya kushika kikokotoo, mtu ajue anataka kuamua nini. Akishajua hilo, namba ya kutumia hujichagua yenyewe karibu kila mara.

Kuna jambo moja la lugha linalotuchanganya zaidi ya hisabati. Neno wastani asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitu cha katikati. Ndiyo maana tunasema mtu wa maisha ya wastani, tukimaanisha si tajiri wala si fukara. Lakini hesabu ya kujumlisha na kugawanya haikuahidi kumpata mtu huyo. Mtaalamu akisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema kipato cha wastani cha kaya ni kiasi fulani, yeye amejumlisha na kugawanya. Wasikilizaji wamesikia kipato cha mtu wa katikati. Kilichosikika ni mediani, kilichosemwa ni wastani, na kati ya hizo mbili panaweza kupita lori.

Tuone kwa namba. Wachumaji tisa wa chai Mufindi wamepimiwa majani mabichi ya siku moja, kwa kilo, kwa mpangilio walivyofika kwenye mzani: 36, 28, 42, 114, 31, 40, 33, 38, 34. Yule wa 114 ametumia mkasi wa kuchumia, wengine wote wamechuma kwa mikono. Mfano huu ni wa kutunga, lakini sura yake ndiyo ile ya daftari za kweli: wengi wamekaribiana, mmoja yuko mbali.

Jumla ni kilo 396. Gawanya kwa 9, wastani ni kilo 44. Angalia tena orodha: watu wanane kati ya tisa wako chini ya 44. Kwa mediani, panga kwanza: 28, 31, 33, 34, 36, 38, 40, 42, 114. Nafasi ya katikati hupatikana kwa kuongeza moja kwenye idadi na kugawanya kwa mbili, yaani 10 gawanya kwa 2, nafasi ya 5. Aliyekaa hapo ana kilo 36.

Hapa ndipo makosa mawili makubwa hutokea. La kwanza ni kutopanga. Ukichukua wa tano kwenye orodha kama ilivyoandikwa mzanini unapata 31, na 31 haina maana yoyote. Ni kilo za aliyefika wa tano. La pili ni kuandika kwamba mediani ni 5. Tano ni nafasi, jibu ni kile kilichokaa kwenye nafasi hiyo. Akija mchumaji wa kumi mwenye kilo 44, nafasi inakuwa ya 5.5, ambayo haina mtu, basi unachukua wa tano na wa sita, 36 na 38, unawajumlisha na kugawanya kwa mbili: 37. Modi hapa haipo, kwa sababu hakuna namba iliyojirudia. Kuandika kwamba modi ni sifuri ni kosa. Sifuri ni namba, na hakuna aliyechuma sifuri.

Sasa fikiri msimamizi anataka kujua gari la kupeleka majani kiwandani liwe la ukubwa gani kesho watakapokuja watu 90 wa mchanganyiko kama huu. Anahitaji wastani: 44 mara 90 ni kilo 3,960. Akitumia mediani atapata 3,240 na majani yatabaki shambani, na majani ya chai yaliyolala hupoteza ubora. Lakini msimamizi huyohuyo akitaka kuweka kiwango cha kazi cha siku, wastani ni balaa. Akiweka 44, wanane kati ya tisa wameshindwa siku ya kwanza kwa sababu ya mkasi wa mtu mmoja. Na hata huyo mmoja angefikisha kilo 300, wastani ungepanda hadi karibu 65, ilhali mediani ingebaki 36 bila kutikisika. Mediani haijali aliye mbali yuko mbali kiasi gani. Inajali tu kwamba yuko upande ule.

Wastani una kwao, na kwao ni kwenye jumla. Kila palipo na chungu kimoja cha mwisho, shehena, gharama, mchango, hapo wastani ndio mfalme. Kijiji kinachotaka shilingi 3,600,000 za kuezeka zahanati kutoka kaya 120 lazima kipate wastani wa 30,000 kwa kaya, hakuna namna nyingine. Ila swali la kama kaya zinaweza kutoa 30,000 si la wastani tena. Hapo tazama kaya ya katikati ina nini mfukoni mwezi huo.

Lumbesa, mzani na magunia arobaini

Hakuna mahali ambapo namba hizi zinagusa mfuko wa mkulima wa Umalila, Makete au Njombe kama kwenye gunia la viazi. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni lile gunia lililoongezewa rundo juu ya mdomo wake na kufungwa kwa kamba, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Ubishi wa lumbesa huendeshwa kwa kukisia: mkulima anasema limezidi sana, mnunuzi anasema limezidi kidogo. Dawa ya kukisia ni kupima, na hesabu ya vipimo vingi hufanywa kwa makundi.

Tuseme magunia 40 yamepimwa, kila moja kwa kilo kamili, yakawekwa kwenye makundi hivi:

Kilo 91–100: magunia 4
Kilo 101–110: magunia 6
Kilo 111–120: magunia 14
Kilo 121–130: magunia 9
Kilo 131–140: magunia 5
Kilo 141–150: magunia 2

Kwa wastani tunatumia katikati ya kila kundi: 95.5, 105.5, 115.5, 125.5, 135.5 na 145.5. Kuzidisha namba hizi moja kwa moja kunachosha na kunazaa makosa, kwa hiyo tunakisia wastani kuwa 115.5 kisha tunasahihisha. Tofauti ya kila kundi na 115.5 ni -20, -10, 0, 10, 20 na 30. Zidisha kila tofauti kwa idadi ya magunia: -80, -60, 0, 90, 100, 60. Jumla yake ni 110. Gawanya kwa magunia 40, unapata 2.75. Ongeza kwenye 115.5: wastani ni kilo 118.25. Ukikisia namba nyingine jibu halibadiliki, kwa hiyo usiogope kukisia vibaya. Kosa la kuogopa ni kugawanya kwa 6, yaani idadi ya makundi, badala ya 40.

Kwa mediani, nusu ya 40 ni 20. Chini ya kilo 111 kuna magunia 10 tu, kwa hiyo la katikati limo ndani ya kundi la 111–120, lenye magunia 14. Tunahitaji magunia 10 zaidi kati ya hayo 14. Mpaka halisi wa chini wa kundi hilo si 111 bali 110.5, kwa sababu gunia la kilo 110.6 lingeandikwa 111. Basi ni 110.5 jumlisha 10 gawanya kwa 14, mara upana wa kundi ambao ni 10. Jibu ni 117.64. Waliosoma hisabati za sekondari wataitambua kanuni yenye L (mpaka wa chini), nb (idadi iliyo chini ya kundi), nw (idadi iliyo ndani ya kundi) na i (upana). Hiyo ndiyo kazi inayofanya. Wanaokosa swali hili kwenye mtihani mara nyingi wamekosea mambo mawili: wameanza na 111, au wamesema upana ni 9 kwa kutoa 111 kwenye 120. Hesabu kwa vidole kuanzia 111 hadi 120, ni kilo kumi.

Kwa modi, kundi lenye magunia mengi ni hilohilo. Linazidi kundi la chini yake kwa 8 na la juu yake kwa 5. Modi ni 110.5 jumlisha 8 gawanya kwa 13, mara 10, yaani 116.65. Inasogea kuelekea upande wa jirani mkubwa, na hilo lina mantiki: palipo na jirani mwenye magunia mengi ndipo kilele kinapovutwa.

Modi 116.65, mediani 117.64, wastani 118.25. Mpangilio huu unasema kitu: kuna mkia upande wa juu, magunia machache mazito mno yanayovuta wastani. Yangekuwa machache mepesi mno, mpangilio ungegeuka. Si sheria isiyovunjika, lakini ni dalili nzuri ya kukufanya urudi kuangalia orodha.

Mkulima aliyeuza magunia haya 40 kwa bei ya kilo 100 kila moja ametoa kilo 18.25 za ziada kwa kila gunia, jumla kilo 730. Hayo ni magunia saba na zaidi yaliyopanda lori bila kulipiwa. Na mwenye lori naye ajihadhari. Akipakia magunia 80 akidhani amebeba tani 8, amebeba tani 9.46, na mzani wa barabarani wa Makambako au Wenda hausikilizi kwamba gunia la kawaida lina kilo 117. Akitumia mediani atakosea kwa kilo 49, akitumia modi atakosea kwa kilo 128. Mzani hupima jumla, na jumla huzaliwa na wastani tu.

Jambo moja la kuweka akilini kuhusu makundi: ukibadilisha upana, majibu yanahama. Magunia hayahaya 40 ukiyaweka kwenye makundi ya kilo ishirini ishirini (91–110, 111–130, 131–150) yanakuwa 10, 23 na 7. Wastani unakuwa 119, umehama kwa robo tatu ya kilo. Mediani inakuwa 119.20, imehama kilo moja na nusu. Modi inakuwa 119.47, imeruka karibu kilo tatu. Modi ya makundi ni nyepesi kupeperushwa, kwa hiyo mtu akikutajia modi yenye desimali mbili, muulize aligawa makundi vipi.

Tukiwa bado kwenye viazi: mnunuzi amechukua magunia 10 kwa 70,000 na magunia 40 kwa 50,000, halafu anasema amenunua kwa wastani wa 60,000. Hapana. Ametoa 700,000 na 2,000,000, jumla 2,700,000 kwa magunia 50, yaani 54,000. Akipanga bei ya kuuzia kwa kudhani kila gunia limemgharimu 60,000, atakaa na mzigo bure wakati mwenzake anauza. Kuchukua wastani wa wastani bila kujali kila mmoja umebeba mzigo kiasi gani ndilo kosa linalopenyeza hata kwenye taarifa za watu wenye shahada. Mwendo wa gari una mtego wa aina hiyohiyo. Lori limepanda kilometa 120 kwa mwendo wa 40 kwa saa likiwa na mzigo, likarudi tupu kwa 60. Wastani si 50. Limetumia saa 3 kwenda na saa 2 kurudi, kilometa 240 kwa saa 5, sawa na 48. Muda mwingi umeliwa na mwendo mdogo.

Mvua ya wastani haina maana ya mvua ya kutosha

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Msimu, ile mvua yetu moja ya Novemba hadi Aprili, kwa maneno kama "wastani hadi juu ya wastani". Wastani unaotajwa ni wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Kipindi cha rejea ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia sasa ni 1991 hadi 2020. Na ni wastani wa mahali hapo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, bonde la Usangu halifikii 800. Mtu wa Usangu akisikia mvua za wastani asifikirie migomba ya Rungwe. Ameambiwa atapata kile anachopata siku zote, hata kama siku zote ni haba. Ukijumlisha Tukuyu na Usangu ukagawanya kwa mbili unapata mvua ambayo hainyeshi popote.

Hata mahali pamoja, mvua ina tabia ya mkia. Chini haiwezi kupita sifuri, juu haina kizuizi. Tuchukue misimu mitano ya kutunga ya sehemu kavu kama Ismani: 420, 450, 470, 480, na mmoja wa mafuriko, 980. Wastani ni milimita 560. Mediani ni 470. Mahindi ya muda wa kati huhitaji takribani milimita 500 hadi 800 msimu mzima. Anayesoma wastani atapanda mbegu hiyo akiwa na amani. Anayesoma mediani ataona kwamba misimu minne kati ya mitano haikufika hata 500, na atatafuta mbegu ya muda mfupi au atarudi kwenye mtama na alizeti. Mafuriko ya mwaka mmoja hayanyweshi mahindi ya mwaka mwingine. Hakuna chungu kimoja hapa, kila msimu unakula peke yake. Ndiyo maana mediani ndiyo ya kushika.

Lakini isidhaniwe kwamba mediani ni wastani ulioerevuka na hushinda siku zote. Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton, mmoja wa walioipa mediani jina na heshima, alichapisha uchambuzi wa shindano la kukisia uzito wa ng'ombe lililofanyika Plymouth. Alikuwa na kadi 787 za watu waliokisia nyama itakuwa na uzito gani ng'ombe akishachinjwa na kusafishwa. Galton alitumia mediani kwa hoja nzuri: kila mtu ana kura moja, na mpumbavu mmoja anayetaja namba ya ajabu asiweze kuwaburuta wengine. Mediani ilitoka ratili 1,207, uzito halisi ukawa ratili 1,198, kama kilo 543. Tofauti ni ndogo mno. Baadaye alipoutaja wastani wa kadi zilezile, ulikuwa ratili 1,197, karibu zaidi hata ya mediani. Waliokosea kwa juu na waliokosea kwa chini walikuwa wamefutana. Palipo na makosa ya pande zote mbili wastani hufanya kazi vizuri sana. Palipo na mkia upande mmoja ndipo huburutwa.

Modi, namba isiyopewa heshima yake

Wengi huiona modi kuwa rahisi mno, ya watoto. Muuza gambuti wa Tukuyu hawezi kuiona hivyo. Amefungua daftari la jozi 20 zilizotoka: namba 38 jozi 2, 39 jozi 2, 40 jozi 3, 41 jozi 4, 42 jozi 6, 43 jozi 3. Wastani ni 40.95, na hakuna kiwanda kinachotengeneza gambuti namba hiyo. Mediani ni 41. Modi ni 42, na akienda kuchukua mzigo, 42 ndizo zitakazoisha kwanza. Kosa la kawaida hapa ni kujibu kwamba modi ni 6. Sita ni idadi ya jozi. Modi ni ile namba ya kiatu iliyouzwa mara sita.

Wastani wenye desimali si kosa, mradi mtu asiutafute barabarani. Sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Ni namba nzuri ya kukisia vyandarua au dozi za chanjo kwa kaya elfu kumi, watu 43,000. Haifai kumwambia fundi ajenge vitanda vingapi.

Modi ina uwezo mmoja ambao wenzake hawana kabisa: inafanya kazi pasipo na namba. Waulize wakulima 50 wa Njombe wamepanda parachichi aina gani, majibu yatakuwa Hass, Fuerte na za kienyeji. Huwezi kujumlisha Hass na Fuerte ukagawanya, wala kuzipanga ndogo kwa kubwa. Unaweza tu kuhesabu ipi imetajwa zaidi. Kuna wanaozipa aina hizo namba 1, 2 na 3 kwenye dodoso, halafu kompyuta inawaletea wastani wa 1.6, nao wanauandika kwenye ripoti. Namba hiyo ni takataka, haijalishi imechapwa vizuri kiasi gani.

Na kuna siku modi peke yake ndiyo inayosema kweli. Hizi ni alama za wanafunzi 12: 22, 24, 25, 25, 27, 30, 70, 72, 74, 74, 76, 81. Jumla ni 600, wastani 50. Mediani ni 30 jumlisha 70 gawanya kwa mbili, 50 tena. Namba mbili zimekubaliana, na zote zinaelekeza mahali ambapo hakuna mtu. Kwa viwango vya mtihani wa kidato cha nne, 50 ni C. Darasa hili lina F tano, D moja, B nne na A mbili, na halina C hata moja. Modi ziko mbili, 25 na 74, na hizo ndizo zinazomwonyesha mwalimu kwamba ana madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Akifundisha kwa kiwango cha 50, atawachosha sita na kuwaacha sita. Ukiona modi mbili zilizo mbali, acha kutafuta katikati. Tafuta nini kimewagawa. Huenda ni shule za msingi walizotoka, huenda ni umbali wanaotembea, huenda nusu walikosa mada nzima.

Sifuri na nafasi tupu

Kinachoharibu hesabu nyingi si kanuni, ni daftari. Mfugaji wa Njombe amepeleka maziwa kituoni wiki nzima: lita 9, 8, siku moja hakupeleka, 10, 9, hakupeleka, 9. Jumla ni lita 45. Ukigawanya kwa siku 5 alizopeleka, wastani ni lita 9. Ukigawanya kwa siku 7, ni lita 6.43. Zote ni sahihi. Ya kwanza inaeleza anachopeleka siku anayofika kituoni, na inamfaa anayepanga makopo. Ya pili inaeleza fedha ya wiki, na inamfaa anayepanga marejesho ya mkopo. Anayekopa kwa kutumia 9 na kuishi kwa 6.43 ataumia mwezi wa pili.

Kwenye Excel tofauti hii inajificha zaidi. AVERAGE huruka seli tupu lakini huhesabu sifuri, kwa hiyo karani aliyeacha wazi na karani aliyeandika 0 wataleta majibu tofauti kutoka wiki ileile. MEDIAN hufanya vivyo hivyo, na hupanga yenyewe, hivyo lile kosa la kutopanga halipo tena. MODE huleta namba moja tu hata kama modi ziko mbili. Kwa alama za lile darasa ingetaja 25 na kunyamaza kuhusu 74. Kuziona zote kunahitaji MODE.MULT. Pasipo na kinachojirudia huleta alama ya kosa, #N/A, na baadhi ya watu huifuta na kuweka 0. Iache, au andika "haipo".

Kwenye daftari la karatasi weka alama tatu tofauti na uzieleze ukurasa wa kwanza: 0 kwa siku ambayo ng'ombe amekamuliwa na hakutoa kitu, kistari kwa siku ambayo maziwa yalikuwepo lakini hayakupelekwa, na "hp" kwa siku ambayo hayakupimwa. Atakayekuja kukokotoa mwisho wa mwezi ataweza kuchagua agawanye kwa ngapi.